Mla Jana Kala Nini

Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Msemo huu humkejeli mtu anayeringia shibe iliyokwisha. Lakini kwa anayesoma historia, ni swali la kweli, tena gumu. Aliyekula jana alikula nini? Na yeye mwenyewe aliliwa na nani? Majalada ya serikali hujibu vizuri maswali ya kodi, mipaka na kesi za ardhi. Swali la mlo hulijibu kwa nadra, na mlo wa samaki, ndege na wadudu wa majini haukuwa kazi ya karani yeyote.

Yupo shahidi mmoja aliyeweka kumbukumbu hiyo bila kutumwa, naye ni mnyoo.

Mpasue kambale mkubwa aliyetoka kwenye ziwa lenye ndege wengi, usogeze utumbo kando, na mara nyingi utaikuta. Minyoo myembamba, myeupe au yenye wekundu, imejikunja kama chemchemi ya saa kwenye uwazi wa tumbo. Kwa perege hukaa zaidi karibu na moyo, nyuma ya matamvua. Pengine kuna vijipu vidogo vya njano chini ya ngozi au kwenye nyama, ambavyo vikitumbuliwa hutoa mnyoo bapa. Na katika dagaa, mara nyingine tumbo limevimba kwa sababu ndani yake kuna utepe mweupe ambao ukikunjuliwa unamzidi dagaa mwenyewe kwa urefu.

Anayekutana na vitu hivi mara ya kwanza huona kinyaa. Nataka nimwombe asitupe samaki kwanza, asikilize ushahidi.

Mkoa wa Singida hautajwi sana tunapozungumzia samaki. Tunautaja kwa alizeti, vitunguu, kuku wa kienyeji, upepo na miamba. Hata hivyo mji wenyewe umekaa kando ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na kaskazini-magharibi, wilayani Iramba, kuna ziwa kubwa zaidi, Kitangiri. Maji ya mbuga ya Wembere hukusanyika humo, kisha hutoka kwa Mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi, na hapo safari huishia. Hayafiki Bahari ya Hindi, Mediterania wala Atlantiki. Ndiyo maana wataalamu wa maji huliita eneo hili Bonde la Kati, na bodi inayolisimamia ina makao yake mjini Singida. Maji yakishaingia hapa, njia ya kutokea ni moja tu, nayo ni kupanda juu na jua.

Katika maziwa haya ya ndani yupo perege wa kwao, anayeitwa kisayansi Oreochromis amphimelas. Ni samaki anayevumilia maji ya magadi ambayo yangewaua samaki wengi wengine, na makazi yake ya asili duniani kote ni maziwa ya ukanda huu tu: Manyara, Eyasi, Kitangiri na yale ya Singida. Swali la kwanza la mwanahistoria linajileta lenyewe. Samaki hatembei nchi kavu, sasa alifikaje kwenye maziwa yaliyotenganishwa na vilima na nyika? Jibu ni kwamba nchi haikuwa hivi siku zote. Hadi miaka takriban 5,000 iliyopita Afrika Mashariki ilipitia zama ndefu za mvua nyingi, na kabla yake zilikuwapo nyingine. Maziwa yalipanda mno kuliko tunavyoyaona leo, na mahali palipo pakavu sasa palipitika kwa maji. Perege huyu ni mabaki ya ujirani huo wa kale.

Mnyoo anasimulia kisa kingine, kipya zaidi. Hana haja ya maziwa kuungana, maana husafiri angani.

Nieleze safari yenyewe, kwa sababu bila kuijua mambo yote yanayofuata yatakuwa hadithi tupu. Mnyoo wa mviringo tunayemkuta kwa kambale na perege, wa jenasi iitwayo Contracaecum, hafikii utu uzima ndani ya samaki. Aliyeko kwenye tumbo la kambale ni mtoto anayesubiri. Mzazi wake yumo tumboni mwa ndege mla samaki, kama mwari mwenye mfuko chini ya mdomo au mnandi mweusi anayezamia. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi cha ndege na kuanguka majini. Humo huanguliwa, na vimnyoo vinavyotoka huliwa na kopepodi, viumbe wa jamii ya kamba walio wadogo kama punje ya uwele au chini ya hapo. Samaki mdogo humla kopepodi, samaki mkubwa naye humla mdogo, na mnyoo huhama kutoka tumbo hadi tumbo akijikunja na kungoja. Ndege akimmeza samaki, mnyoo amefika nyumbani. Ndege akikosekana, mnyoo hungoja mpaka samaki afe, na ukoo wake hukatikia hapo.

Vile vijipu vya njano ni vya mnyoo bapa aitwaye Clinostomum. Yeye huanzia kwa konokono wa majini, huingia kwa samaki, na humalizia mdomoni na kooni mwa korongo na yangeyange. Utepe ulio ndani ya dagaa ni tegu aitwaye Ligula intestinalis. Yeye hupitia kopepodi, dagaa na ndege, na kwa ndege huishi siku chache tu, muda wa kutaga mayai basi.

Ukiitazama orodha hiyo kwa macho ya mtu wa makavazi, utaona kwamba kila mnyoo ni hati yenye sahihi tatu. Kuwepo kwake kunathibitisha kuwa kopepodi au konokono alikuwepo, samaki alikuwepo na ndege alikuwepo, na kwamba hao watatu walikutana kwa utaratibu ule ule, kizazi baada ya kizazi. Mwari anaweza kupita siku moja na kuondoka bila kuacha unyoya. Lakini samaki waliojaa minyoo ni uthibitisho kwamba ndege walikuja, walikula na walikaa. Mla jana kala nini? Hati hiyo inajibu.

Sasa tuzitazame hati za karatasi za zama hizo hizo. Kati ya 1893 na 1895 Mjerumani Oscar Neumann alisafiri katika Afrika Mashariki ya Wajerumani na ile ya Waingereza akikusanya wanyama. Samaki wake walipelekwa Berlin, ambako Franz Hilgendorf wa jumba la makumbusho aliwachunguza. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1905, baada ya yeye kufariki, na humo ndimo perege wetu wa magadi alimopewa jina la kisayansi. Alielezwa kwa miiba ya mgongo, magamba na rangi. Aliokula nao na waliomla hawakuhusika, kwani kazi ilikuwa kupanga viumbe kwenye rafu.

Watawala nao walikuwa na yao. Mwaka 1909 uchimbaji wa dhahabu ulianza Sekenke, katika Iramba, juu ya mbuga ya Wembere, na jina Sekenke likaingia kwenye vitabu kama mgodi wa kwanza wa dhahabu wa nchi hii. Miaka hiyo hiyo Wajerumani waliitazama mbuga yenyewe wakaona pamba. Ulichorwa mpango wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria kwa mifereji hadi Wembere ili mashamba yamwagiliwe. Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, Wajerumani wakapoteza koloni, na mfereji haukuchimbwa.

Mpango huo hunifikirisha kuliko dhahabu. Ungetekelezwa, maji ya Victoria yangeingia katika bonde lisilo na mlango wa kutokea, na maji hayaji peke yake. Yangekuja na samaki, konokono, kopepodi na vimelea vyao. Wahandisi walihesabu mita za ujazo na marobota ya pamba. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza perege wa Kitangiri angeishi na nani.

Tusiwalaumu kupita kiasi, kwa sababu hata mabingwa wa minyoo wa zama zile walikuwa bado wanaufuata mkia wa kitu wasichokijua kichwa. Ligula alipewa jina na Linnaeus mwaka 1758, lakini kumpa kitu jina si kujua kinakotoka. Mwanzoni mwa karne ya 19 Karl Asmund Rudolphi, aliyeheshimika kuliko wote katika elimu hiyo, aliamini kwamba minyoo ya ndani huzaliwa na mwili wenyewe wa mnyama inamokaa. Ilichukua miongo kadhaa ya kulisha wanyama minyoo kwa makusudi na kungoja matokeo ndipo wazo hilo likafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Max Braun, akiwa Dorpat, mji unaoitwa leo Tartu nchini Estonia, alionyesha kuwa tegu mpana anayewasumbua watu wa ukanda wa Baltiki hutoka kwa samaki asiyeiva. Lakini samaki alimpataje? Pengo hilo lilizibwa mwaka 1917 huko Uswisi, pale Janicki na Rosen walipompata yule kopepodi wa katikati. Mwaka mmoja tu kabla yake majeshi ya Ubelgiji yalikuwa yameiteka Tabora. Kwa maneno mengine, Wajerumani waliotawala Singida waliondoka kabla ya mtu yeyote Ulaya kuikamilisha, hata mara moja, safari nzima ya tegu wa samaki.

Hapa kwetu utafiti ulianza na ziwa kubwa, na ulianza na idadi ya samaki. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham aliendesha uchunguzi wa uvuvi wa Ziwa Victoria kwa niaba ya serikali za kikoloni. Ndiye aliyempa jina la kisayansi ngege, perege aliyependwa kuliko wote, na neno alilochagua, esculentus, ni la Kilatini lenye maana ya kitu kizuri kwa kuliwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki huko Jinja, Uganda. Miaka ya 1950 sangara akaingizwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelibadilisha ziwa zima. Ngege karibu amalizike humo, samaki wadogo wengi wakatoweka, na dagaa akabaki kuwa chakula cha watu wa kawaida kuanzia Mwanza hadi masoko ya ndani kabisa ya nchi, ya Singida yakiwemo.

Kwa hiyo Ligula pia ni jirani yetu, ingawa ziwa lake liko mbali. Ndani ya dagaa aliyeanikwa tegu hukauka kuwa uzi, na mlaji hapati habari. Mvuvi aliyemwona mbichi anajua zaidi. Dagaa mwenye tegu ana tumbo gumu lililofura, huogelea kizembe karibu na uso wa maji na hazai, kwa kuwa mnyoo humharibia viungo vya uzazi. Uzembe huo ni faida ya tegu, kwani ndege humwona dagaa wa juu kwanza.

Minyoo yenyewe ilianza kuhesabiwa kwa makini baada ya uhuru. Mwaka 1973 Khalil na June Thurston walichapisha uchunguzi wao wa minyoo ya samaki wa maji baridi wa Uganda. Ilan Paperna, aliyefanya kazi katika maziwa mengi ya bara hili, aliandika kwa ajili ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kitabu cha vimelea na magonjwa ya samaki wa Afrika ambacho bado kiko mezani kwa wanafunzi. Mwaka 2004 Chacha Mwita na Gamba Nkwengulila wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliorodhesha vimelea vya kambale wa Ghuba ya Mwanza.

Lakini somo kubwa kwa mwanahistoria liko Kenya, kwenye maziwa mawili ya Bonde la Ufa.

La kwanza ni Naivasha. Perege si mwenyeji wa ziwa hilo. Watu walianza kumpeleka miaka ya 1920, na aina moja kutoka maziwa ya magharibi mwa Uganda, Oreochromis leucostictus, ilifika miaka ya 1950. Mwaka 1978 Malvestuto na Ogambo-Ongoma wakaandika kuwa perege hao walikuwa na Contracaecum. Tafakari muda huo. Samaki aliletwa kwa amri ya binadamu, na ndani ya kizazi kimoja cha watu alikuwa ameshaingizwa kwenye mnyororo wa ndege. Hata kama mnyoo alisafiri naye kwenye ndoo, asingedumu bila mnandi na mwari wa Naivasha kumpokea.

La pili ni Nakuru, ziwa la magadi lisilokuwa na samaki. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 wapelekwa humo vijiperege kutoka Ziwa Magadi, ili wale mabuu ya mbu. Samaki wakashamiri, na mwari wakaja kwa maelfu. Wengi wao walijenga viota kwenye visiwa vya Ziwa Elmenteita na kuruka kila siku hadi Nakuru kutafuta chakula. Ziwa la heroe likawa pia ziwa la mwari, kwa sababu mtu mmoja alikuwa na shida ya mbu.

Ukiyaweka maziwa hayo kando ya Singida, unapata njia ya kusoma. Perege wa Kitangiri na Eyasi anatuambia maji yalikopita zamani sana. Minyoo aliyonayo inatuambia mabawa yanakopita sasa. Mbuga ya Wembere, miaka ya mvua nzuri, hufurika na kuwa makazi ya makundi makubwa ya ndege wa majini. Ukame ukija, ziwa lenye kina kifupi husinyaa, ndege huhama na kambale hujichimbia kwenye tope akivuta hewa ya juu. Hesabu ya minyoo ndani ya samaki hupanda na kushuka pamoja na mambo hayo.

Kwamba hesabu hiyo inaweza kusomwa kama historia si ndoto. Mwaka 2024 Natalie Mastick, Chelsea Wood na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha utafiti uliofanywa kwa kufungua makopo ya zamani ya samaki aina ya salmoni wa Alaska. Yalikuwa makopo 178, yaliyofungwa kati ya 1979 na 2021. Walichambua minofu iliyopikwa kiwandani na kuhesabu minyoo ya jamii ambayo Contracaecum wetu ni ndugu zake. Katika aina mbili kati ya nne za salmoni, minyoo iliongezeka kadiri miaka ilivyosonga. Maelezo waliyoyapa hayakuwa ya uchafu. Minyoo ile hukomaa ndani ya wanyama wa baharini kama sili na nyangumi, ambao Marekani iliwawekea sheria ya ulinzi mwaka 1972. Wanyama wakirejea, mnyoo hupata mahali pa kumalizia safari. Kopo lililosahauliwa kwenye rafu limekuwa jalada la uponaji wa bahari.

Watafiti wa chuo hicho hicho wamewahi pia kupasua samaki waliohifadhiwa katika makumbusho tangu karne ya 19, wakakuta vimelea vingi vyenye safari ndefu ya wenyeji watatu au zaidi vimepungua. Nikisoma hayo, akili yangu hukimbilia Berlin, kwenye chupa za samaki wa Neumann. Hilgendorf aliangalia miiba na magamba. Tumbo la samaki wa Manyara wa miaka ya 1890 huenda bado lina orodha ya ndege waliotua ziwani kabla ya trekta, kabla ya nyavu za nailoni na kabla ya mgodi wa Sekenke. Mjadala wa kurudisha mali za Afrika zilizoko Ulaya umejikita kwenye vinyago, mafuvu na mifupa ya dinosaria wa Tendaguru. Ni haki yake. Lakini zipo pia kumbukumbu zetu ndani ya matumbo ya samaki walioko kwenye pombe kali, nazo zinahitaji mtu wa kwetu wa kwenda kuuliza.

Kuna anayelipa gharama ya sisi kutoijua hadithi hii, naye hayuko Berlin. Ni mama muuza samaki. Samaki mmoja akioza huoza wote, ndivyo tulivyofundishwa, na sokoni msemo huo huwa sheria. Mteja akimwona mnyoo mmoja kwenye kambale mmoja, beseni zima linashuka bei. Maneno ya kawaida husemwa: samaki ameoza, maji yao ni machafu, hawa walikufa wenyewe. Mara nyingi hayo si kweli hata moja. Kuna viumbe wawili tofauti ambao jicho la haraka huwachanganya. Funza ni watoto wa nzi. Huja baada ya samaki kufa, hupenda matamvua, macho na majeraha, na ni dalili kwamba samaki ameachwa wazi au hakukauka vizuri. Mnyoo alikuwemo tangu samaki akiwa hai.  Kinachoozesha samaki ni bakteria na joto, na hao hawaonekani kwa macho.

Hatari kwa mlaji ipo, ila ina mipaka inayojulikana. Duniani wameripotiwa watu waliougua kwa kumeza minyoo hai ya jamii hii, na wengine waliowashwa koo na Clinostomum, hasa Japani na Korea, ambako samaki wa maji baridi huliwa mbichi. Moto humaliza jambo. Samaki aliyefikia nyuzijoto 63 ndani ya nyama hana mnyoo hai, na kuganda kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 hufanya kazi hiyo hiyo. Kuanika juani au kutia chumvi kidogo pekee si kinga ya kutegemea. Wapishi wa Singida wanaokaanga mpaka mfupa ukalie, au wanaochemsha samaki mkavu kwa muda mrefu kabla ya kutia karanga, wamekuwa salama miaka yote bila kusoma Braun. Kinachofaa ni kumtumbua samaki mapema, kwa sababu baadhi ya minyoo huweza kuhama kutoka tumboni kuingia kwenye nyama mwenyeji wake akishakufa, na kuufukia utumbo badala ya kuutupa ziwani, ambako kuku, mbwa na ndege huendeleza mnyororo.

Vijana wenzangu wanaochimba mabwawa ya sato wana sababu zaidi ya kusikiliza. Bwawa jipya ni Naivasha ndogo. Lina samaki aliyeletwa na binadamu, na kabla ya msimu kwisha yangeyange watakuwa wamelijua. Ukiacha magugu kingoni, konokono watapata makazi, na sahihi zote tatu zitakuwa zimekamilika. Kufyeka kingo, kukausha bwawa kati ya mavuno na kutandaza wavu juu ya vifaranga ni hatua za kukata mnyororo huo bila dawa. Katika bwawa, mnyoo ni hasara na ana haki ya kupigwa vita.

Katika ziwa ni kinyume chake, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Kambale wa Kitangiri wakianza kutoka wasafi mwaka baada ya mwaka, bila mnyoo hata mmoja, wanunuzi watashangilia. Mtu anayeujua mnyororo atauliza ndege wamekwenda wapi, au kopepodi wameuawa na nini, au maji yamekuwa ya chumvi kiasi gani. Ziwa linaweza kufa huku samaki wake wakionekana wazuri kwenye sinia.

Kumbukumbu hiyo haihitaji maabara ili ianze. Kwenye mialo kuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vyenye daftari la kilo na idadi ya mitumbwi. Kuongeza safu mbili kungetosha: urefu wa kambale mmoja aliyechaguliwa bila kupendelea, na idadi ya minyoo iliyoonekana tumboni mwake. Kambale 10 kwa mwezi, siku ile ile ya mwezi, na mstari mmoja kuhusu ndege walioonekana asubuhi hiyo. Wanaopasua samaki wanaifanya nusu ya kazi hiyo tayari kwa macho. Wanajua msimu gani kambale wa upande gani huwa na minyoo mingi, na ujuzi huo huondoka nao wanapoacha biashara. Daftari la namna hiyo likianza Tulya mwaka huu, mwanafunzi wa miaka 30 ijayo hatalazimika kupanda ndege hadi Berlin ili ajue mnandi wa Kitangiri alikula nini.